Utukutu wenye tarehe

Mwalimu yeyote wa shule ya msingi katika territori ya Kalemie, mashariki mwa Kongo, atakutajia watoto wake wagumu bila kusita. Yupo wa dawati la nyuma, hatulii hata dakika 5. Yupo wa kando ya dirisha: anamkodolea mwalimu macho lakini hasikii neno, mpaka aitwe jina mara ya tatu ndipo agutuke. Wa tatu hupigana kila mapumziko, na ukiuliza sababu unaambiwa mwenzake kamgusa bega kwa nyuma, basi. Wa nne ana miaka 13 na bado anahangaika na herufi pamoja na wadogo wa miaka 8. Uliza kwa nini watoto hawa wako hivyo, na Zongwe nzima, ndani ya territori hiyo, itakupa jibu moja, kuanzia mama anayetwanga mihogo hadi mchungaji na mkurugenzi wa shule: wana vichwa vigumu, wamezaliwa hivyo. Wengine watashusha sauti na kuongeza kwamba mmoja wao ni mlozi.

Jibu hilo lina ndugu yake aliyesoma. Huyo huja na vitabu vya mafunzo kutoka Ulaya na Marekani, na jina lake ni ugonjwa wa kukosa umakini na utulivu, ule ambao kwa Kifaransa huandikwa TDAH; au huja kama uchelewaji wa ukuaji wa akili. Lugha imepanda ngazi, dai halikubadilika. Kasoro iko ndani ya kichwa cha mtoto, imo tangu mwanzo, na watu wazima waliomzunguka hawana la kujibu.

Napinga dai hilo katika majina yake yote. Katika mahali kama Zongwe, mtoto asiyetulia, asiyesikiliza na asiyeshika masomo achukuliwe kwanza kuwa mtoto aliyeumizwa. Anayetaka kutuambia kwamba alizaliwa hivyo ndiye anayepaswa kuleta ushahidi, na ushahidi huo hauwezi kuwa tabia anayoionyesha darasani, kwa sababu tabia hiyo hiyo ndiyo tunayobishania.

Tuanze na kalenda. Mkoa wa Tanganyika ulipoundwa mwaka 2015 kwa kugawanywa Katanga, vita vilikuwa vimeshautangulia. Tangu 2013 ugomvi wa Watwa na Waluba ulikuwa ukichoma vijiji vya Manono na Nyunzu. Tarehe 30 Aprili 2015 wapiganaji wa Kiluba walivamia kambi ya Vumilia 1 huko Nyunzu, walikokuwa wamekimbilia Watwa, wakaua watu wasiopungua 30. Shirika la Human Rights Watch lilikusanya ushuhuda wa walionusurika. Wanamgambo wa Kitwa nao walichoma vijiji vya Waluba, wakaua, wakabaka, wakateka. Kuanzia katikati ya 2016 moto huo ulienea hadi Kalemie, na kufikia mwisho wa 2017 watu zaidi ya 600,000 walikuwa wamekimbia makwao katika mkoa huu mmoja. Oktoba 2017 Umoja wa Mataifa uliitia Tanganyika, pamoja na Kasai na Kivu ya Kusini, katika daraja la juu kabisa la dharura. Waliofika Kalemie walilala kwenye viwanja vya shule, kisha katika vibanda vya majani vilivyobanana kiasi kwamba cheche ya jiko moja ilitosha kuteketeza jirani na jirani yake.

Mtoto aliyekuwa na miaka 5 mwaka 2016 leo ni kijana anayebalehe. Aliyekuwa na miaka 3 leo yuko darasani, na huenda yuko madarasa mawili nyuma ya umri wake, kwa sababu wakati wenzake wa Lubumbashi wanajifunza kuandika majina yao yeye alikuwa anajifunza kulala chini ya turubai. Tunawaita watukutu. Tunashangaa hawatulii. Lakini ni nani kati yetu, mtu mzima mwenye akili zake, angetulia?

Wanaotetea jina la ugonjwa wa kuzaliwa nalo hutegemea fomu. Fomu inayotumika sana duniani kupima tabia za watoto ni ile aliyoitunga daktari wa akili Robert Goodman mwaka 1997. Ina maswali 25 na imetafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Inauliza kama mtoto hatulii, kama anachezacheza na mikono, kama akili yake hutangatanga kwa urahisi, kama humaliza anachoanza. Ni maswali mazuri, na Goodman hakudai kwamba fomu yake peke yake inatosha kumtaja mgonjwa. Ila yasome yote 25, kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Hakuna hata moja linalouliza kama mtoto aliona nyumba yao ikiungua. Hakuna linalouliza lini alianza kuwa hivi. Mtoto wa Zongwe anaweza kujaziwa fomu nzima, akapata alama za juu kabisa za utukutu, na aliyemjazia akaondoka bila kujua kwamba baba wa mtoto huyo aliuawa njiani.

Tena mwongozo wenyewe wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, ambao ndio chimbuko la jina hilo, hauruhusu uvivu huu. Unataka dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12. Toleo lililotangulia lilitaka kabla ya miaka 7. Unataka zionekane mahali zaidi ya pamoja, si shuleni tu. Na unataka daktari ahakikishe kwamba hakuna tatizo jingine linalozieleza vizuri zaidi. Sasa fungua kurasa za msongo wa baada ya kiwewe katika kitabu hicho hicho. Utakuta kushindwa kukazia akili. Utakuta hasira za ghafla, usingizi mbovu, na mwili ambao hauachi kukaa macho. Dalili zinafanana kiasi kwamba anayetazama darasani tu hawezi kuzitenganisha. Kinachozitenganisha ni historia, na historia hiyo haimo kwenye daftari la mahudhurio. Iko kwa mama, au kwa bibi aliyebaki kulea.

Muulize bibi huyo. Usimuulize kama mtoto ana shida, kwani hilo keshaambiwa na shule mpaka amechoka. Muulize alikuwaje zamani. Mara nyingi jibu litakuja na tarehe yake, hata kama si ya kalenda ya ukutani: alikuwa mchangamfu mpaka tulipokimbia, alianza kukojoa kitandani tulipofika kambini, hakusema neno tangu walipomchukua dada yake. Kasoro ya kuzaliwa nayo haina siku ya kuanza. Hii inayo. Palipo na tarehe, anayeendelea kusema alizaliwa hivyo ameamua kutosikia.

Na pale ambapo tarehe haipatikani, kwa sababu mtoto alikuwa mchanga mno, zipo ishara nyingine ambazo haziko katika orodha ya ugonjwa wa umakini. Mtoto hushituka kwa kishindo cha mlango kuliko wenzake. Usiku anapiga kelele na asubuhi hakumbuki. Katika mchezo anarudia jambo moja lile lile, kufukuza, kujificha, kuchoma, tena bila furaha ya mchezo usoni. Hataki kupita njia fulani wala kukaa na mgongo wake ukielekea mlango. Umakini wake haujapungua hata kidogo, umekaa kwingine. Anasikia nyayo nje ya dirisha, anajua nani kaingia uani, anajua sauti ya mwalimu imebadilika kabla mwalimu mwenyewe hajajua. Ubongo uliojifunza kwamba kuchelewa kutambua hatari ni kufa hauwezi kuambiwa uache kazi hiyo ili ushughulike na jedwali la kuzidisha kwa 7. Homoni za hatari, adrenalini na kotisoli, zimezoea kumwagika kwa jambo dogo, na zikimwagika, sehemu ya mbele ya ubongo inayopanga, kukumbuka na kujizuia hupokonywa usukani. Yule wa kando ya dirisha aliyeitwa mara tatu naye yumo humu. Mwili ulioshindwa kukimbia hujifunza kuondoka kwa ndani, na mwalimu huona mtoto mzembe.

Kuna historia mbaya nyuma ya tabia ya kutafuta kosa ndani ya fuvu badala ya kulitafuta katika yaliyotendeka. J.C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mjini Nairobi kuanzia 1938 hadi 1950, alichapishiwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kitabu kilichomfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata aliandikia serikali ya kikoloni ya Kenya maelezo ya Mau Mau, akaufanya uasi wa watu waliopokonywa ardhi uonekane mvurugiko wa akili ya Mkikuyu. Simfananishi mwalimu wa Zongwe na Carothers. Mwalimu huyo anafundisha kwa mshahara unaochelewa, na chumba chake kimejaa tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure Septemba 2019. Nasema tu kwamba mkato huu ni wa zamani, na kila mara umewafaa wale ambao hawakutaka kuulizwa habari za ardhi, za mauaji, za nani alilipia bunduki.

Sasa acha nisikilize hoja za upande wa pili, kwa sababu zipo na si za kijinga.

Ya kwanza husemwa kila siku: watoto wote wa hapa wamepitia vita, mbona wengine wametulia na wanashika namba ya kwanza darasani? Kipindupindu kikiingia Kalemie, nacho huingia karibu kila mwaka, hawaugui wote waliokunywa maji yale yale. Na hakuna anayesema kwamba walioanguka walizaliwa nacho. Mmoja alipita porini akiwa mgongoni mwa mama yake, mwingine alipita peke yake. Mmoja aliona moshi kwa mbali, mwingine aliona panga. Mmoja alifika kwa shangazi mwenye bukari jioni, mwingine alifika kambini akawa ndiye mlezi wa wadogo wawili. Hata ndani ya nyumba moja, mtoto wa kwanza na wa tatu hawakupita vita vile vile. Na huyo anayeshika namba ya kwanza, sina hakika kwamba tumemuuliza usingizi wake ukoje.

Ya pili ni ngumu zaidi: huyu alizaliwa baada ya wimbi kubwa la 2016 na 2017, hajaona kitu. Lakini mtoto hazaliwi nje ya mwili wa mama yake. Mwaka 2012 mwanaanthropolojia Connie Mulligan na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Goma kwa akina mama 25 na watoto wao wachanga. Mama aliyepitia mateso makubwa zaidi ya vita alielekea kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo zaidi, na katika damu ya mtoto walikuta mabadiliko kwenye jeni inayosimamia jinsi mwili unavyopokea homoni za msongo. Watu 25 ni wachache na sitaujenga mnara juu yao. Lakini hata bila maabara tunajua mama asiyelala hulea vipi. Hesabu pia miaka. Kalemie iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD Agosti 1998. Msichana aliyekuwa na miaka 8 wakati ule alikuwa mama wa watoto kadhaa Watwa na Waluba walipoanza kuuana. Amekimbia akiwa mtoto, amekimbia tena akiwa amebeba watoto. Anapomfokea mwanawe kwa jambo dogo, au anapokaa kimya mchana kutwa huku mtoto akimvuta kitenge, tunaona vita vile viwili vikifanya kazi katika nyumba moja.

Ya tatu naikubali kwa sehemu kubwa. Wapo watoto ambao kweli ubongo wao una tatizo. Ugonjwa wa umakini upo. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba kwa kiasi kikubwa hurithiwa, na vita haviufuti. Malaria ya ubongo huacha makovu: kundi la watafiti waliofanya kazi Kampala, wakiwamo Chandy John na Michael Boivin, lilikuta miaka miwili baada ya ugonjwa takriban mtoto 1 kati ya 4 bado ana upungufu wa akili unaopimika. Kuna kifafa. Kuna mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa mbali na kituo cha afya. Kuna sikio linalotoa usaha mwaka mzima, na mtoto anaitwa mkaidi kumbe hasikii. Wote hawa wanahitaji kutambuliwa, na sitaki mtu achukue makala haya akamwambie mama wa mtoto mwenye kifafa kwamba ni vita tu. Ila angalia jinsi wanavyotambulika. Anayeuliza homa ilikuja lini, degedege lilianza lini, sikio lilianza kuuma lini, ndiye atakayejua pia nyumba iliungua lini. Neno kichwa kigumu linawazika wote pamoja, aliyepigwa na malaria na aliyepigwa na vita.

Na hata pale ambapo upungufu ni wa kweli na wa kudumu, asili yake yaweza kuwa matendo ya watu. Baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka nchini Romania mwaka 1989, mamia ya watoto waliokuwa wakilelewa katika mabweni ya kutisha ya serikali walichukuliwa na familia za Uingereza, na Michael Rutter na wenzake wakawafuatilia kwa miaka mingi. Waliokaa katika mabweni yale zaidi ya miezi 6 ya kwanza ya maisha walibaki na utukutu na kukosa umakini kwa wingi kupita wengine. Baadhi yao walionekana kama wenye usonji, na Rutter alilazimika kutafuta jina la kuwatofautisha, kwa kuwa wengine wao walibadilika kadiri walivyopendwa. Ubongo wao ulikuwa na tatizo, ndiyo. Tatizo hilo waliwekewa.

Hoja ya nne hutoka kwa wazee, nayo inaniuma kuliko zote kwa sababu imejaa heshima ya uvumilivu: hayo ya kiwewe ni mambo ya Wazungu, sisi tulipita mengi na tukasimama. Mzee wangu, watu wako wana maneno yao kwa jambo hili. Wanasema moyo unapiga, usingizi umekimbia, mawazo yamekuwa mengi, mtoto anashituka-shituka. Hawakuyachukua kwa Mzungu. Na wakati kesi ya Thomas Lubanga ilipofika kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kesi ya Mkongo juu ya watoto wa Kongo waliotiwa jeshini Ituri, majaji walimwita mwaka 2009 mwanasaikolojia Elisabeth Schauer aeleze vita vinafanya nini katika akili ya mtoto. Tuliwaita kadogo tulipowatuma vitani. Walipotolewa huko hatukuwa na jina lolote la kuwaita zaidi ya wahuni.

Gharama ya kukosea hapa haibaki kwenye karatasi. Ya kwanza ni fimbo. Mtoto aliyeandikwa mkaidi hupigwa, shuleni na nyumbani, na mwili ambao tayari unasubiri pigo hupata uthibitisho kwamba ulikuwa na haki ya kusubiri. Tobias Hecker, Katharin Hermenau na wenzao walipowauliza wanafunzi 409 wa shule ya msingi Tanzania, matokeo yakachapishwa 2014, zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa wamewahi kupigwa kama adhabu, na waliopigwa zaidi na walezi wao ndio walioonyesha ugomvi na utukutu zaidi. Najua mtu atasema walipigwa kwa sababu walikuwa watukutu. Na iwe hivyo. Basi fimbo haikuwatibu. Ya pili ni maombi ya kutoa pepo: mtoto anafungiwa na kunyimwa chakula kwa siku kadhaa, wakati sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kabisa kumshutumu mtoto kwa uchawi. Mtoto anayepiga kelele usiku na kusema peke yake hakuwa na dalili za ulozi. Alikuwa anaota.

Kosa hili huvuka maji pia. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na katika mwaka wa bajeti wa 2016 wakimbizi kutoka Kongo waliopokelewa Marekani walizidi 16,000, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote. Watoto wao waliingia shule za nchi ambamo, kwa hesabu za 2022, takriban watoto 11 katika kila 100 wamewahi kuambiwa wana ugonjwa wa umakini. Daktari wa watoto Nicole Brown, alipokuwa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, alianza kuona kwamba wengi wa watoto waliopewa jina hilo mbele yake waliishi katikati ya bunduki na familia zilizovunjika. Alipopitia takwimu za taifa zima alikuta wenye jina hilo wamepitia mabaya ya utotoni zaidi ya wenzao. Ikiwa mtoto wa Baltimore, anayezungumza lugha ya daktari wake, aliweza kusomwa vibaya, fikiria wa Nyarugusu ambaye mama yake huitwa shuleni na kuzungumza kupitia mkalimani wa simu kwa dakika 20.

Wapo watakaosema haya yote ni kweli lakini hayana dawa, kwa kuwa madaktari wa akili hawapo. Ni kweli hospitali za akili zinazojulikana ziko mbali, kituo cha Joseph Guislain kiko Lubumbashi, Sosame iko Bukavu. Lakini hoja hii inaangukia upande wangu. Ugonjwa wa umakini ndio unaohitaji mtaalamu na dawa ambayo Zongwe haina, na ambayo Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena 2021. Kiwewe kimetibiwa na Wakongo wasio madaktari, hapa hapa mashariki. Huko Beni, wasichana 52 wa miaka 12 hadi 17, na katika utafiti mwingine wavulana 50, baadhi yao wakiwa wametoka jeshini, walishirikishwa katika majaribio ya vikao 15 vya kundi: kujifunza mwili unafanya nini ukiogopa, kuutuliza kwa pumzi, kisha kusimulia na kuchora kilichotokea mbele ya mtu anayesikiliza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Dalili zilishuka sana kwa waliohudhuria kuliko kwa waliokuwa wakisubiri zamu yao, na miezi mitatu baadaye hazikuwa zimerudi.

Darasani mambo ni madogo zaidi na sitayapamba. Kati ya 2011 na 2015, shule za Katanga ya zamani na Kivu ya Kusini zilijaribu mpango wa shirika la IRC, uliopimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha New York wakiongozwa na Lawrence Aber, ambapo walimu walifundishwa kuendesha darasa tulivu na kukutana kusaidiana. Baada ya mwaka mmoja kusoma kuliboreka kidogo. Kujumlisha na kutoa hakukusogea. Kidogo hicho nakitaka. Mwalimu anayejua habari ya mtoto humketisha mahali anapouona mlango, humwita jina kabla ya kumgusa, humwambia mapema kwamba kengele italia, na huweka fimbo chini. Hayo hayahitaji bajeti ya wizara. Yanahitaji mtu aulize nyumbani kabla ya kuandika chochote juu ya mtoto.

Na kuna jambo ambalo wanaosema alizaliwa hivyo hawalitaji kamwe, nalo ndilo linalonifanya niandike kwa hasira. Tarehe 26 Desemba 2022 Kongo ilitunga sheria namba 22/065 inayowapa wahanga wa uhalifu wa vita haki ya ulinzi na fidia, na mfuko wa kitaifa, FONAREV, upo kwa kazi ya kuwatambua na kuwalipa. Ili mtu atambuliwe lazima kuwe na madhara, na madhara yawe na chanzo. Mtoto wa Zongwe ambaye daftari la shule linasema ana kichwa kigumu, kituo cha afya kinasema amechelewa kukua na kanisa linasema ni mlozi, ana karatasi tatu zinazothibitisha kwamba hakuna aliyemtendea kitu. Hatafuti mkosaji, kwa sababu ameambiwa kosa ni lake. Waliochoma kijiji chao hawatadaiwa habari zake. Wanaoandikisha wahanga wakifika katika territori ya Kalemie, wayakute maelezo ya mama yake na tarehe aliyoitaja, yameandikwa na mwalimu wa mtoto kwa mkono wake, na sahihi chini.